Bi Alama na Bata wa Wifi Yake

Kwa miaka ishirini na sita alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, na kwa miaka yote hiyo hakuna shuka lililompita bila kutiwa alama. Alikuwa na kichupa cha wino wa buluu usiofutika na kijiti alichokichonga ncha mwenyewe. Kila shuka, kila foronya, kila gauni la mgonjwa, alilichorea pembeni msalaba mdogo wenye mkia. Wenzake walimcheka, mpaka mwaka wa tatu alipomnasa msimamizi wa ghala, mtu wa heshima zake, anayesalimiwa kwa kuinamiwa, akiwa na mashuka kumi na mawili yenye misalaba ya buluu nyumbani kwake. Kabla ya hapo watu wote walikuwa wamemwambia kwamba mashuka huchakaa, hupotea kwenye kamba, huchanika na kutupwa. Yeye peke yake alishikilia kuwa kuna mwizi, na mwizi akapatikana.

Tangu siku hiyo wakamwita Bi Alama. Na tangu siku hiyo akaamini kwa moyo wake wote kwamba kitu kikipungua, kuna mtu anayekipunguza.

Alipostaafu aliingia kwenye ufugaji wa bata. Hakuolewa, hakuzaa, na nyumba aliyoijenga kwa akiba yake ilikuwa na uwanja mpana nyuma, umezungushiwa ukuta wa matofali wenye vipande vya chupa juu yake. Alinunua bata weupe sita, majike watano na dume mmoja, wale wakubwa wenye midomo ya njano wanaopiga kelele mpaka jirani hasikii redio yake. Akawajengea banda la mbao na birika la saruji la kuogea. Stoo ya jikoni akaigeuza kuwa chumba cha mashine ya kutotolesha, sanduku la bati lenye kioo kidogo mlangoni, trei moja ya mayai arobaini, na bakuli la maji chini ya trei ili mayai yasikauke. Vifaranga wake wakapata jina. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kununua, na ilibidi waandikishe wiki nyingi kabla.

Kwa miaka kumi na mmoja hakuingiza hata unyoya mmoja kutoka nje. Waliotaka kumuuzia dume aliwajibu kwamba bata wa watu huja na magonjwa ya watu. Madume aliwachagua kutoka kwa vifaranga wake mwenyewe, na majike hivyo hivyo. Aliwajua kwa mwendo na kwa sauti, na kila yai lililookotwa lilipata msalaba wa buluu kabla ya kuingia kwenye mashine, na hesabu yake ikaandikwa kwenye daftari lenye jalada gumu.

Kisha kaka yake mdogo akafariki. Alikuwa mlinzi wa kiwanda, akikaa na mkewe kwenye nyumba ya kiwanda, na siku arobaini hazijatimia mjane akaambiwa apishe mlinzi mwingine. Hakuwa na watoto wala pa kwenda. Bi Alama hakuwa mtu wa kumfungia mlango mjane wa ndugu yake, ingawa katika maisha yao hawakuwahi kuzungumza zaidi ya salamu na habari za afya. Akamwambia aje.

Wifi alikuja asubuhi ya mvua akiwa na masanduku mawili na tenga kubwa lililofunikwa gunia. Bi Alama alidhani ni vyombo. Lakini gunia lilipoinuliwa wakatokeza bata watatu ambao hakupata kuwaona kwa karibu: weusi wenye mabaka meupe, majike wawili na dume mmoja mkubwa kama mbuzi mchanga, uso wake wote umejaa nyama nyekundu yenye vinundu, utadhani amemwagiwa maji ya moto. Hakulia. Alimtazama Bi Alama kwa jicho moja, akashusha shingo, akatoa pumzi ya kukoroma.

Wifi alieleza kwa upole kwamba bata wa aina hii hawana kelele, ndiyo maana marehemu akampenda dume huyu na kumwita Bubu. Aliomba wakae hata pembeni ya uwanja. Bi Alama alitazama macho ya yule mwanamke, mekundu kwa kilio cha wiki nyingi, akakubali. Lakini moyoni hakupenda. Aliona jinsi wifi yake alivyolitazama banda, kisha akauliza ni majike wangapi na wanataga mayai mangapi kwa wiki. Mgeni wa siku moja, Bi Alama alijisemea, anauliza idadi?

Mwezi wa pili tangu wifi aje, matatizo yakaanza.

Aliweka mayai arobaini kwenye mashine kama kawaida. Siku ya saba aliyatoa moja moja, akayamulika kwa tochi ndani ya chumba chenye giza. Yai lenye mbegu siku hiyo huonyesha kidoa na mishipa myembamba kama miguu ya buibui. Ishirini na mawili yalikuwa meupe pee, kama yametoka kutagwa asubuhi hiyo. Alivunja moja kwenye bakuli. Kiini kizima, cha njano, hakina hata tone la damu.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa yai tu. Kwa Bi Alama lilikuwa shuka lililotoweka kwenye kamba. Ilimjia wazi kabisa: mtu amechukua mayai yake mazuri na kuweka mengine mahali pake. Na ndani ya ukuta ule walikuwa watu wawili, na mmoja wao ni yeye mwenyewe.

Alianza kuchunguza. Kwanza aliyaangalia tena mayai thelathini na tisa yaliyobaki, akakuta kila moja lina msalaba wenye mkia, kwa mkono wake mwenyewe. Hiyo ilipaswa kumtuliza, lakini ilimzidishia wasiwasi. Ikiwa hayakubadilishwa, basi yameharibiwa yakiwa ndani. Labda anayatikisa. Labda anafungua mashine yeye akienda sokoni, na kuyaacha yapigwe na baridi. Akachukua uzi mweusi wa kushonea, akaufunga kutoka kwenye kitasa cha mashine mpaka kwenye msumari ulio ukutani, mwembamba kiasi kwamba asiyeujua hauoni. Akaenda sokoni, akarudi baada ya saa tatu. Uzi umekatika.

Wifi alikuwa uani akifua, akamkaribisha kwa sauti ile ile ya taratibu, akamwambia chai iko kwenye chupa. Bi Alama alikunywa chai hiyo akiwa amemkazia macho juu ya kikombe. Alitamani amuulize, lakini kazi ya hospitali ilimfundisha kwamba mwizi akiulizwa mapema hujirekebisha. Kuanzia siku hiyo akawa anahesabu vitunguu, anapima mafuta ya taa kwa kijiti, na mlango wa chumba chake anaufunga hata akienda msalani.

Siku ya ishirini na nane, siku ya bata kutotoa, vifaranga sita tu walivunja maganda. Wawili kati yao miguu iliwatanuka kama mkasi ulioachwa wazi, na mmoja kitovu hakikufunga. Alisubiri mpaka siku ya ishirini na tisa, akayatoa mayai yaliyobaki na kuyatupa kwenye pipa la takataka nyuma ya tangi la maji, kama alivyofanya siku zote. Yai lisilototoa kwa siku yake ni viza, na viza likikaa hupasuka na kuchafua mashine nzima.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, kwa namna ya mtu anayegusa kitu cha moto, kwamba bata wake yeye huatamia siku thelathini na tano, na labda haya nayo yangengojewa kidogo.

"Wifi," Bi Alama akajibu bila kugeuka, "mashine hii nimekaa nayo miaka kumi na mmoja. Hao wako ni wako, na hawa wangu ni wangu."

Wifi akasema sawa, akaondoka. Neno hilo halikurudiwa tena.

Ikawa hivyo awamu ya pili, na ya tatu. Wateja wakaanza kunung'unika. Mama mmoja mwenye mgahawa alirudisha vifaranga wanne waliokufa kwenye boksi, akaliweka mezani na kukunja mikono. Bi Alama aliona aibu ambayo hakuwahi kuionja tangu azaliwe. Siku hiyo alikwenda kwa muuza pumba, mtu ambaye duka lake ndilo baraza la wafugaji wote wa upande ule, na akiwa anapimiwa gunia lake, ulimi ukamteleza. Akasema nyumbani kwake kuna mkono. Muuza pumba alimuuliza mkono wa nani. Bi Alama akasema yeye hataji mtu, lakini mambo yalikuwa mazuri mpaka alipofungua mlango wake kwa watu. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umeshapewa jina ambalo yeye hakulitaja.

Wifi aliligundua jambo hilo mwenyewe. Alikwenda dukani kununua pumba kidogo za bata wake watatu, akakuta muuza pumba amesogeza sanduku la fedha kutoka kaunta na kuliweka chini, miguuni pake. Alirudi nyumbani, akaweka pumba chini, akaketi kwenye ngazi ya jikoni muda mrefu akitazama mikono yake. Bi Alama alimwona kupitia dirishani. Akaona ni dalili ya hatia.

Wiki ile ile kila kitu kikalipuka. Bi Alama alikuwa ametoka kwenda kuchukua dawa ya presha, akakuta zahanati imefungwa, akarudi kabla ya wakati. Wifi hakuwepo uani. Nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo mmoja wa majike weusi alikuwa ameatamia kwa wiki kadhaa ndani ya karai bovu, alisikia sauti nyembamba nyingi. Akasogea, akainama.

Vifaranga saba. Siyo wale legelege waliokuwa wakimtoka kwenye mashine. Hawa walikuwa wanene, manyoya ya njano yaliyokauka vizuri, kila mmoja ana doa jeusi utosini kama kofia iliyokaa upande, na miguu imara chini yao. Mmoja alikuwa tayari anapanda ukingo wa karai. Na kando yao, kwenye majani, maganda ya mayai. Bi Alama aliokota ganda moja, akaligeuza. Msalaba wa buluu wenye mkia. Akaokota la pili, na la tatu. Yote yake.

Atakayemlaumu na amweke kwanza mahali hapo, na maganda yale kiganjani. Alichokitafuta kwa miezi mitatu kilikuwa mkononi mwake. Na moyoni mwake mlikuwa na furaha mbaya, ile ile aliyoisikia siku ya msimamizi wa ghala.

Wifi aliporudi na ndoo ya maji alimkuta amesimama katikati ya uwanja, maganda yamepangwa juu ya stuli.

"Haya ni ya nani?" Bi Alama akauliza.

"Ni yako, wifi. Nimeyatoa kwenye pipa." Aliweka ndoo chini taratibu. "Ulipoyatupa mara ile ya mwisho nilipita pale nikasikia moja linagongagonga. Nikayaweka chini ya bata wangu. Nilitaka watoke kwanza ndipo nikuonyeshe, maana nikisema bila kitu mkononi huwa hunisikii."

"Yai viza halitoi kifaranga."

"Basi hayakuwa viza."

Bi Alama alimwuliza kuhusu mashine. Wifi alikubali bila kusita kwamba aliwahi kuifungua, mara moja: aliona kupitia kioo bakuli la maji limekauka kabisa, akaongeza maji, akafunga. Majibu yote yalikuwa tayari, na kwa Bi Alama majibu yaliyo tayari ni majibu yaliyotungwa. Alisema maneno mengi ambayo baadaye alitamani kuyameza. Alisema kaka yake alikufa kwa mawazo aliyotiwa na mkewe. Alisema mtu aliyeingia na tenga la bata alikuja amejipanga. Alisema hata msimamizi wa ghala alikuwa na sauti ya upole.

Wifi aliingia ndani, akatoka na masanduku yake mawili. Alimkamata Bubu na jike mmoja, akawatia kwenye tenga.

"Huyu mwingine namwacha, vifaranga bado wanamhitaji," alisema. "Na vifaranga ni wako. Mayai yana alama yako."

Akaondoka. Bi Alama alifunga lango, akazungusha funguo mara mbili, akarudi ndani akingoja kuona amani inakuja.

Kwenye mashine kulikuwa na mayai ya awamu nyingine, na alipoyamulika siku ya saba alikuta kumi na manane yenye mbegu. Alijua sasa kitakachotokea: bila mkono wa mtu, watatoka kumi na wanane, au kumi na sita kwa uchache, na mtaa mzima utaona. Aliilinda mashine ile kama benki. Siku ya ishirini na nane ikafika. Vifaranga wanne, na mmoja wao akafa kabla ya adhuhuri.

Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa mbele ya mashine. Alipitisha watu wote kichwani. Jirani hawezi kuvuka chupa za ukutani. Muuza pumba? Labda ametia kitu kwenye chakula. Fundi wa umeme aliyekuja mwaka jana? Alifika mpaka kwa mama wa mgahawa. Kila mmoja alimshikilia kidogo kisha akamwachia, maana hakuna aliyeingia. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, kitu kilikuwa kimepungua na hakukuwa na mtu.

Asubuhi iliyofuata akampigia simu bwana mifugo. Hata yeye hakumwamini, maana alisikia kwamba huuza dawa zake mwenyewe kwa mlango wa nyuma. Lakini alitaka mtu mwenye cheo aseme mayai yametiwa sumu, na aseme ni lini. Bwana mifugo alikuja na pikipiki yake yenye vumbi, kijana mrefu asiye na haraka. Aliambiwa mkasa wote, akausikiliza huku akitembea uwanjani. Alipokuta mayai kumi na manne kwenye ndoo, yametoka kutolewa kwenye mashine, tayari kwenda pipani, alichukua moja akaliweka sikioni. Kisha akamkabidhi Bi Alama.

Bi Alama aliweka yai sikioni. Lilikuwa bado na joto. Ndani, mbali kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ya tatu, kitu kilikuwa kinagonga.

"Yarudishe kwenye mashine, mama," bwana mifugo alisema. "Usiyaguse mpaka siku ya thelathini na tatu."

Kisha akauliza maswali yaliyoonekana hayana maana. Lile dume la uso mwekundu lililokuwepo, lilikuwa likikaa wapi? Bi Alama akasema lilizurura uwanjani na kuwafukuza madume wake weupe, mpaka wakawa wanajificha nyuma ya banda. Na lilikuwa likiwapanda majike weupe? Bi Alama akaona haya kidogo, akasema ndiyo, kila siku. Bwana mifugo akatikisa kichwa, akaeleza. Bata mweupe na bata wa uso mwekundu, alisema, wanafanana majina tu, kwa damu ni watu wa mbali. Dume huyo akimpanda jike mweupe, mayai mengi hayashiki mbegu kabisa, ndiyo yale meupe pee. Machache yanayoshika hukaa siku nyingi zaidi, kwa sababu kifaranga wa ndani ana nusu ya damu inayohitaji siku thelathini na tano. Anayetoka huwa na nguvu na hunenepa upesi, anafaa sana kwa nyama, lakini hazai. Ni kama punda na farasi, wanazaa mnyama hodari ambaye ukoo wake unaishia kwake.

"Kwa hiyo wale niliokuwa nikiwatupa..." Bi Alama alianza.

"Wengine walikuwa hai," akasema bwana mifugo.

Kisha akaomba kuliona daftari. Bi Alama alimpa, akiwa na uhakika kwamba huko angalau yuko salama. Bwana mifugo alirudi nyuma kurasa nyingi, kabla ya wifi, kabla ya msiba. Alisoma kwa sauti. Miaka minne nyuma, kati ya mayai arobaini, thelathini na matatu yalitotoa. Mwaka uliofuata, thelathini. Uliofuata, ishirini na saba. Mwezi mmoja kabla mjane hajafika, ishirini na matatu. Na pembeni ya kila tarakimu, kwa mwandiko wa Bi Alama mwenyewe, kulikuwa na sababu. Umeme ulikatika. Radi. Pumba zimechanganywa mchanga. Jirani alichoma takataka.

"Madume wako wa sasa baba yao ni nani?"

"Ni bata wangu."

"Na mama zao?"

"Ni hao hao."

Hakuwa na haja ya kumweleza zaidi, lakini alimweleza. Ndugu kwa ndugu kwa miaka kumi na mmoja, mbegu hudhoofika, kifaranga hufia ndani ya ganda, na anayetoka hutoka na miguu mibovu na kitovu kisichofunga. Dume wa wifi yake ameharibu awamu nne. Ukuta wake yeye ulianza kuharibu zamani. Hilo la ukuta bwana mifugo hakulisema. Bi Alama alilisema mwenyewe moyoni, bwana mifugo akiwa anawasha pikipiki.

Siku ya thelathini na moja vifaranga watano walitoka. Siku ya thelathini na mbili, wanne. Wote tisa walikuwa na doa jeusi utosini. Bi Alama aliwatazama wakikauka chini ya taa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na miguu iliyotanuka. Alilia, jambo ambalo hata kwenye mazishi ya kaka yake hakulifanya mbele ya watu wala peke yake.

Alianzia kwa muuza pumba. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Alikwenda saa ya wateja wengi, kwa makusudi, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba wifi yake hakuiba kitu, kwamba yeye mwenyewe alikuwa akitupa vifaranga hai, na kwamba maneno aliyoyasema pale anayarudisha. Muuza pumba akasema yeye tangu mwanzo alijua yule mama hana makosa. Bi Alama alimtazama, akakumbuka jinsi jina lilivyotoka dukani humo na kuenea kabla ya jioni, lakini safari hii akaona wa kutazamwa si muuza pumba bali ni yeye mwenyewe.

Wifi alikuwa amepata chumba nyuma ya duka la mikate na kazi ya kufunga mikate kwenye mifuko. Alimpokea Bi Alama akiwa amesimama mlangoni, unga kwenye viwiko. Hakumkaribisha ndani mara moja. Bi Alama alisema aliyokuja kusema, kwa kukatika katika, bila kujitetea kwa kutaja hospitali wala msimamizi wa ghala. Alisema kuhusu mayai, kuhusu siku thelathini na mbili, kuhusu daftari. Mwisho akasema la kaka yake, kwamba lile hasa anaomba asamehewe hata kama mengine hayasameheki.

Wifi alijipangusa unga viwikoni.

"Nimekusikia, dada," alisema. "Lakini kwako sirudi kulala. Nyumba ninayohesabiwa vitunguu siiwezi."

Bi Alama hakujua kwamba lile la vitunguu lilikuwa limeonekana. Alishika ukingo wa mlango.

"Basi nifanyeje?"

"Tafuta dume mweupe, wa mbali, asiye na undugu na wako. Bubu abaki kwangu na wake zake. Mimi nitakuja Jumamosi tuyamulike mayai pamoja, nikitoka kazini. Nikija, nitaingia kwa lango, na nitatoka kwa lango."

Wakakubaliana hivyo. Jike aliyeachwa alirudishwa pamoja na vifaranga wote wenye kofia nyeusi, kumi na sita. Wifi akawalea, na mama wa mgahawa ndiye aliyewachukua, akasifu nyama yao.

Dume mpya Bi Alama alimfuata kwenye shamba moja la mbali, safari ya nusu siku. Mfugaji wa huko, mzee mwenye kofia ya sufu, alimwonyesha madume watatu weupe na kumwambia yupi ni bora. Bi Alama aliwafungua midomo, akawainua mabawa, akawatembeza. Alimwuliza mzee maswali mengi kiasi kwamba mzee aliketi chini kuyajibu. Mara mbili alisimama kuondoka. Mwishowe akamchukua yule ambaye mzee alimchagua, ingawa kila mshipa wake ulimwambia kwamba anayeuza hawezi kukuchagulia kizuri.

Njiani alifunua tenga mara nyingi kumwangalia kama anapumua sawasawa. Miezi minne baadaye, Jumamosi moja, yeye na wifi yake walifunga pazia la stoo, wakachukua tochi, wakaanza kumulika mayai arobaini ya kwanza ya dume huyo. Wifi aliyashika, Bi Alama akatazama. La kwanza lilikuwa na mishipa. La pili pia. La tatu lilikuwa jeupe, na wifi alimwona akikunja uso.

"Hilo moja, dada," wifi alisema. "Moja tu halikushika. Weka pembeni, tuendelee."

Bi Alama akaliweka pembeni, akanyoosha mkono kupokea la nne.